Fundi wa Kwanza ni Mshonaji: Mhadhara juu ya Mashini ya Kushonea katika Mubi

Mashini ya kushonea ikikataa kazi, neno la kwanza linalosemwa juu yake ni kwamba imekufa. Huondolewa barazani, hufunikwa kikwembe cha zamani, huwekwa pembeni kumngoja mtu atakayepita akielekea Walikale-kati au Goma, na mtu huyo huchukua miezi kupatikana. Hoja yangu leo ni kwamba mashini nyingi zilizowekwa pembeni namna hiyo hazijafa. Hazina chuma kilichovunjika. Zina sindano iliyochoka, au uzi uliopotea njia, au uchafu uliobanana chini ya meno, au mafuta yasiyofaa yaliyogeuka kuwa gundi. Mambo hayo manne mshonaji anaweza kuyaona kwa macho yake na kuyaondoa kwa mkono wake, akifundishwa. Basi fundi wa kwanza wa mashini lazima awe yule anayeikalia kila siku, na mafunzo ya ushonaji yasiyomfikisha hapo yamemwacha katikati ya safari.

Jambo hili lina uzito wake kila mahali, ila hapa Mubi lina uzito zaidi. Tuko mashariki mwa Kongo, kando ya barabara inayotoka Walikale kwenda Lubutu na Kisangani, ndani ya msitu, na wote tunajua barabara hiyo inakuwaje mvua zikikaza. Tangu kasiteriti, madini yanayotoa bati, ilipogunduliwa huko Bisie msituni mwaka 2002, pesa ya eneo hili imekuwa ikipanda na kushuka na madini. Wapagazi waliyashusha kwa mgongo kutoka msituni hadi kijiji cha Njingala, ndege ndogo ziliyapakia juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuyapeleka Goma, na ndege hizo hizo zilirudi na bidhaa za dukani. Rais wa nchi alipofunga uchimbaji wa mikono katika Kivu na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, pesa ilikauka. Tangu 2019 bati ya Bisie inatolewa na kampuni kubwa, na nafasi za kazi humo si za kila mtu. Katika kupanda na kushuka huko, ushonaji umebaki kazi ambayo mama anaweza kuifanya akiwa nyumbani, bila kibali cha shimo wala mtaji wa kununua madini. Lakini ni kazi yenye majira. Shati jeupe na sketi ya buluu za wanafunzi hutakiwa kabla ya masomo kuanza Septemba. Vikwembe vya Siku ya Wanawake hutakiwa kabla ya tarehe 8 Machi, na kesho yake havina haraka tena. Mashini ikisimama katikati ya Agosti, mshonaji amepoteza mavuno ya mwaka, hata kama kilichoisimamisha ni sindano moja.

Ili kutafuta kosa, ni lazima kwanza tujue mashini inafanya nini, na hapa ndipo mafunzo mengi hupita kwa haraka. Mwanafunzi huonyeshwa njia ya uzi kama mtoto anavyokaririshwa sala: pitisha hapa, zungusha pale, ingiza kwenye tundu. Haambiwi sababu. Sababu ni hii. Mshono wa mashini una nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazofungana katikati ya unene wa kitambaa. Elias Howe alipewa hataza ya mashini ya mshono huo Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851, na kanuni yenyewe haijabadilika hadi leo. Sindano hushuka na uzi wa juu hadi mwisho wa mwendo wake. Inapoanza kupanda, ikiwa imepanda kama milimita 2 tu, uzi ulio nyuma yake hulegea na kufanya kitanzi kidogo. Wakati huo huo ncha ya ndoana iliyo chini hupita karibu sana na sindano, hukidaka kile kitanzi, hukipanua na kukizungusha kupita bobini yote, yaani kile kigurudumu chenye uzi wa chini. Kisha mkono wa kuvutia uzi hupanda, hukaza, na fundo huingia ndani ya kitambaa. Meno husukuma kitambaa mbele hatua moja, na kazi huanza upya. Haya yote hutokea mara kadhaa kwa kila sekunde, na kitanzi kinachotegemewa ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Mtu aliyeelewa kitanzi hicho ameshaelewa nusu ya magonjwa ya mashini. Mashini ikiruka mishono, maana yake ndoana imepita na haikukuta kitanzi. Kwa nini? Huenda sindano imepinda kidogo, hivyo kitanzi kinatokea mbali na ncha. Huenda imeingizwa chini mno kwa sababu haikusukumwa hadi juu kabla ya kukaza skrubu. Huenda imegeuzwa: upande bapa wa shina lake unatakiwa kutazama kule ndoana inakopita, na mfereji mrefu utazame kule uzi unakoingilia. Huenda ni nyembamba mno kwa kitambaa kizito, ikaegemea pembeni kila inapotoboa. Angalieni kwamba sababu zote nne ziko kwenye sindano, kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mashini, na hakuna hata moja inayohitaji kufungua chuma. Kanuni ya kuanzia na kilicho rahisi kabla ya kilicho ghali inatokana na hapo. Haitokani na ubahili. Sindano ndiyo inayogonga kitambaa maelfu ya mara kwa siku, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuchoka, na ndiyo inayostahili kushukiwa kwanza.

Ushahidi wa pili uko kwenye kitambaa chenyewe, na mshonaji anao mkononi kila siku bila kuusoma. Chukua kipande cha pamba, weka uzi mweupe juu na mwekundu chini, shona mstari mmoja, kisha tazama pande zote mbili. Ukiona vitanzi vyeupe vimejaa upande wa chini, wengi hukimbilia kufungua chini, kwenye bobini, kwa sababu ubaya umeonekana huko. Hilo ndilo kosa linalopoteza saa nyingi kuliko yote. Vitanzi vya chini ni vya uzi wa juu, na vinasema kwamba uzi wa juu haukazwi. Mara nyingi haumo kati ya visahani viwili vya mkazo, kwa sababu ulipitishwa wakati mguu wa kubana kitambaa umeshushwa na visahani vimefungana. Uzi ukakaa nje yake. Inua mguu, pitisha uzi upya, na ugonjwa hupona hapo hapo. Kinyume chake, uzi mwekundu ukichomoza juu, mkazo wa juu umezidi au wa chini umelegea. Kupima wa chini hakuhitaji chombo: toa kasha na bobini yake, ulishike kwa uzi wake na uliache lining'inie. Likianguka lenyewe moja kwa moja, limelegea. Likigoma hata ukilitikisa, limekazwa mno. Likishuka kidogo kwa kila mtikiso na kusimama, liko sawa. Skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kasha huzungushwa kidogo sana, robo ya mzunguko au chini yake, na mtu aangalie isidondoke kwenye sakafu ya udongo, maana kuipata tena ni shida.

Mengine nitayapita haraka. Kitambaa kisiposonga, tazama kwanza kama urefu wa mshono uko kwenye sifuri, kisha fungua bamba la sindano na utoe nyuzi zilizogandamana kati ya meno. Uzi ukikatika kila mara, pitisha kucha kwenye tundu la bamba; sindano iliyowahi kugonga huacha mkwaruzo unaokata kama wembe, na msasa laini huuondoa. Gurudumu likizunguka na sindano isicheze, kifundo cha katikati ya gurudumu kimelegezwa, pengine na mtu aliyekuwa akijaza bobini. Mashini ikiwa nzito ghafla, shuku uzi ulionaswa kwenye njia ya ndoana. Ikiwa imekuwa nzito pole pole kwa miezi, shuku mafuta.

Na mafuta yanastahili tuyakalie, kwa sababu hapa ndipo mahali petu penyewe panapoiumiza mashini. Nchi hii ni ya mawese. Yako katika kila jiko, yanateleza, na ni rahisi kufikiri kwamba kitu kinachoteleza kinafaa kulainisha chuma. Hakifai. Mafuta yoyote ya kupikia, yawe ya mawese, ya karanga au ya dukani, yakikaa wazi kwenye hewa huungana nayo pole pole, huwa mazito, huwa ya kunata, na mwisho hushika kama gundi. Tena mawese huanza kuganda usiku ukiwa wa baridi. Juma la kwanza mashini hukimbia vizuri, na ndiyo maana watu huamini dawa hiyo. Baada ya miezi, kila kiungo kimeshikwa. Mafuta ya mota nayo ni mazito mno kwa viungo vyembamba hivi, na yale yaliyokwisha kutumika kwenye pikipiki ni mabaya zaidi, kwa sababu yamebeba masizi na vipande vya chuma. Kinachofaa ni mafuta mepesi ya mashini ya kushonea, meupe kama maji, tone moja kwa kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Mashini iliyokwisha kunata hufunguliwa kwa petroli ya taa: tone kila mahali, zungusha gurudumu kwa mkono kwa subira, futa uchafu mweusi unaotoka, rudia. Fanya hivyo mbali na moto wa jiko. Na usiishie hapo, kwa sababu petroli huosha chuma na kukiacha uchi, na katika unyevu wa msitu wetu chuma kilicho uchi hushika kutu upesi. Baada ya petroli lazima mafuta yafuate siku hiyo hiyo.

Unyevu huo huo ndio unaolegeza mkanda wa ngozi wa mashini ya mguu. Mkanda uliolegea huteleza, mshonaji hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi, na husema mashini imezeeka. Dawa yake ni kukata kipande kidogo, kutoboa tundu jipya na kurudisha kibanio cha waya. Sindano za akiba zikae ndani ya kitambaa chenye mafuta kidogo. Mashini isifunikwe kwa plastiki iliyobana, kwa sababu plastiki huzuia vumbi na papo hapo hufungia jasho la hewa ndani. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Najua yatakayosemwa dhidi ya haya, na la kwanza lina haki yake. Mafundi husema kwamba nusu ya mashini wanazoletewa zimeharibiwa na mikono ya wenyewe, waliofungua kila skrubu waliyoiona. Ni kweli kwamba yako mambo yasiyoguswa na mtu asiyejua. Kupatana kwa ndoana na sindano hupangwa kwa tofauti zisizofika nusu milimita. Urefu wa nguzo ya sindano ni vivyo hivyo. Na ukilegeza skrubu zinazoshika mhimili wa chini, umetoa mashini kwenye mpango wake. Lakini tujiulize mtu huyo aliharibu kwa sababu gani. Hakuharibu kwa kujua mengi. Aliharibu kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mpaka uko wapi, na alipokwama alianza kufungua popote. Anayejua kwamba afuate mpangilio wa sindano, uzi, usafi, mafuta, kisha mkanda, ana mambo matano ya kufanya kabla ya kufikia skrubu yoyote ya hatari, na akiyamaliza yote bila kufanikiwa, anajua kwamba sasa ni kazi ya fundi. Kumnyima mtu elimu kwa kuogopa kwamba ataitumia vibaya ndiko kunakomfanya atumie bisibisi vibaya.

La pili ni riziki ya fundi mwenyewe. Je, kila mshonaji akijitengenezea, fundi atakula nini? Swali hili haliwezi kupuuzwa katika eneo ambalo kazi ni chache, na ambalo ufundi wa chuma una heshima ya zamani; katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa eneo hili, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, wajomba wa shujaa ndio wahunzi wanaompa chuma mwilini. Ila fundi anayelipwa kugeuza sindano iliyowekwa kinyume anapata malipo madogo kwa kazi isiyolingana na ujuzi wake, na anampoteza mteja aliyevunjika moyo na kuuza mashini kwa bei ya chuma chakavu. Mashini zinazofanya kazi ndizo zinazochakaa vyuma. Ndizo zinazohitaji ndoana mpya, meno mapya, mpango wa mhimili. Mji wenye mashini nyingi hai ndio unaomlisha fundi. Mji wenye mashini zilizofunikwa haumpi kitu.

La tatu ni vipuri. Watu husema: hata nikijua kosa, nitapata wapi kifaa hapa Mubi? Historia ya mashini hizi inatusaidia kuliko tunavyodhani. Aina ya Singer iitwayo 15 ilinakiliwa na viwanda vya Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na vya China na India pia, hata ikawa kama kipimo cha dunia nzima. Kichwa cheusi cha Butterfly kilichotoka Shanghai ni cha ukoo huo. Sindano ya nyumbani iliyoandikwa 15x1, au 130/705 H, huingia katika mashini nyingi sana za nyumbani, za zamani na za sasa, bila kujali jina lililochorwa ubavuni. Namba zake pia ni za kusoma: 80/12 kwa pamba nyepesi ya mashati, 90/14 kwa kikwembe cha kawaida, 100/16 kwa kitambaa kizito cha suruali. Mfanyabiashara anayesafiri Goma au Kisangani anaweza kurudi na sindano za mwaka mzima katika mfuko wa shati. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia namba ya kununua.

Wapo pia wanaosema mambo haya ni ya wanaume, kwamba mama ashone na mume au kijana atengeneze. Mwanamke anayeweza kukata kola ikakaa shingoni, anayetofautisha nyuzi mbili kwa kuzigusa, ana vidole na macho yanayotakiwa hasa kwa kazi hii. Hoja hiyo haina msingi mwingine zaidi ya mazoea.

Vita navyo vinatulazimisha kufikiri upya. Mwezi wa Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Walikale-kati, na familia nyingi zilikimbilia msituni na katika vijiji vya barabara hii kabla wapiganaji hao hawajaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kichwa cha mashini ya mguu hutengana na meza yake. Kina uzito wa zaidi ya kilo 10, mzigo ambao mtu anaweza kuubeba. Aliyekibeba na kukilaza siku kadhaa kwenye unyevu akifika salama atakikuta kimekaza na kina kutu juujuu. Ikiwa anajua petroli, mafuta na kitambaa, ana kazi mkononi juma hilo hilo, popote alipo. Ikiwa hajui, amebeba chuma tu.

Miradi mingi katika Kivu imewagawia wanawake mashini, hasa waliopitia ukatili wa vita na vijana waliotoka kwenye makundi ya silaha. Ni msaada mwema na sitaki kuupunguza. Lakini mara nyingi orodha ya vitu vinavyotolewa huishia kwenye mashini, mkasi na kitambaa, na mafunzo huishia kwenye mkato na mshono. Nawaomba wenye miradi, masista, wachungaji na walimu wa atelieri za hapa: kila mashini itoke na chupa ya mafuta yake, pakiti za sindano za namba tatu nilizotaja, bisibisi mbili, brashi ndogo, mkanda wa akiba na bobini za akiba. Siku za mwisho za mafunzo, mwalimu aziharibu mashini kwa makusudi bila kuvunja kitu: ageuze sindano, atoe uzi kwenye visahani, alegeze kifundo, ajaze nyuzi kwenye meno; kisha kila mwanafunzi atafute kosa peke yake na aseme kwa sauti amejuaje. Asiyeweza aendelee kujifunza. Brevet, yaani cheti cha mafunzo, itolewe kwa yule aliyeirudisha mashini kazini.